Roswell Garst: Muuza mbegu aliyemkaribisha Khrushchev shambani kwake

SEPTEMBA 23, mwaka 1959, mji mdogo wa Coon Rapids katika jimbo la Iowa, Marekani, ulipata ugeni ambao haujapata kuuona tena. Msafara mrefu wa magari uliotoka Des Moines, makao makuu ya jimbo hilo, ulipita katikati ya mashamba ya mahindi yaliyokuwa yakikaribia kuvunwa, huku askari wakiwa wamepangwa njiani. Ndani ya msafara huo alikuwamo Nikita Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, mtu ambaye Wamarekani wengi wa wakati ule walimhesabu kuwa adui yao mkubwa kuliko wote duniani.

Mwenyeji wa kiongozi huyo hakuwa seneta, wala balozi, wala tajiri wa mafuta. Alikuwa muuza mbegu za mahindi, baba wa watoto watano, mtu mwenye mwili mkubwa na sauti kubwa, aitwaye Roswell Garst.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, ambaye mahindi hukutana nayo yakiwa tayari ni unga wa sembe, huenda jina hilo halina uzito. Lakini kazi aliyoifanya Garst katika miaka ya 1930, ya kumshawishi mkulima aachane na mbegu za ghalani kwake na kununua mbegu chotara dukani, ndiyo ambayo mawakala wa pembejeo wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiifanya tangu Kitale, nchini Kenya, ilipotoa mahindi yake chotara ya H611 mwaka 1964.

Garst alizaliwa mwaka 1898 katika familia ya wafanyabiashara. Baba yake, Edward Garst, alikuwa na duka la bidhaa mchanganyiko mjini Coon Rapids, na ndugu wa baba yake, Warren Garst, alipata kuwa gavana wa Iowa kwa wiki chache kati ya mwaka 1908 na 1909. Kijana huyo alikulia kwenye kaunta, akisikiliza wakulima wakilalamikia bei, mvua na madeni. Alipita katika vyuo zaidi ya kimoja bila kuchukua shahada. Elimu iliyomkaa ni ile ya dukani: kumsikiliza mteja mpaka ujue anachokiogopa.

Mwaka 1922 alimuoa Elizabeth Henak. Ndoa hiyo ilidumu hadi kifo chake, na wote walioandika habari za Garst wanakubaliana kwamba bila Elizabeth, mambo mengi yasingewezekana. Mume alikuwa mwepesi wa kupandisha sauti na mgumu wa kunyamaza. Mke alikuwa mtulivu na mkarimu, na ndiye aliyewafanya wageni watake kurudi.

Mwaka 1926 familia hiyo changa ilihamia Des Moines, ambako Garst aliingia katika biashara ya viwanja na nyumba. Biashara hiyo haikumfikisha mbali, kwa sababu mwaka 1929 uchumi wa Marekani ulianguka. Hata hivyo, mjini hapo ndipo alipofahamiana na Henry Wallace, mhariri wa gazeti la wakulima ambaye mwaka huohuo wa 1926 alikuwa ameanzisha kampuni ya kuzalisha mbegu chotara za mahindi. Wallace baadaye alikuwa Waziri wa Kilimo katika serikali ya Franklin Roosevelt, na kuanzia mwaka 1941 hadi 1945 alikuwa Makamu wa Rais. Wakati ule, hata hivyo, alikuwa mtu mwenye haya, anayezungumzia mahindi kwa yeyote aliyekuwa tayari kumsikiliza, na Garst alimsikiliza.

Ni vema kueleza kidogo mbegu hizo zilikuwa kitu gani. Mtaalamu huchukua aina ya mahindi na kuifanya ijichavushe yenyewe kizazi baada ya kizazi, hadi mimea inakuwa dhaifu lakini inayofanana kabisa. Hufanya hivyo kwa aina nyingine pia. Kisha huzipanda pamoja, akikata maua ya juu ya aina moja ili ipate chavua ya nyingine tu. Mtoto wa ndoa hiyo huwa na nguvu kuliko wazazi wote wawili: shina lake halianguki hovyo, na mavuno huongezeka. Ila nguvu hiyo ni ya msimu mmoja. Mkulima akihifadhi mbegu kutoka katika mavuno yake na kuipanda tena, mazao hushuka. Kila mwaka sharti arudi kwa muuzaji.

Hapo ndipo palipokuwa na kikwazo. Wakulima wa Iowa, sawa na baba zao, walikuwa wakichagua magunzi yaliyojaa vizuri na kuyatundika ghalani kuwa mbegu ya mwaka unaofuata. Mbegu ilikuwa bure. Garst aliporudi Coon Rapids mwaka 1930 pamoja na mkewe na watoto, na kuingia ubia na Charles Thomas kuzalisha na kuuza mbegu kwa makubaliano na Wallace, alikuwa anataka kuwauzia watu kitu ambacho hawajawahi kukinunua maishani mwao. Tena aliwauzia katika wakati mbaya kuliko wote. Mwaka 1932 bei ya mahindi ilianguka kiasi kwamba baadhi ya kaya za Iowa zilichoma mahindi kwenye majiko kwa kuwa yalikuwa rahisi kuliko makaa ya mawe.

Muuzaji mwingine angepunguza bei. Garst alitoa mbegu bila kulipwa. Alipita shamba kwa shamba na magunia kwenye gari, akamwambia mkulima apande nusu ya shamba kwa mbegu yake ya zamani na nusu nyingine kwa mbegu chotara. Wakati wa mavuno wangepima pande zote mbili. Ikiwa upande wa chotara haukuzidi, mkulima asingedaiwa kitu. Ikiwa umezidi, wangegawana nusu kwa nusu kile kilichoongezeka.

Mpango huo ulikuwa wa hatari kwa mtu mwenye watoto wa kulisha. Mvua ikikosekana, au mkulima akidanganya vipimo, muuzaji ndiye aliyeumia. Lakini Garst aliielewa hesabu hiyo vizuri kuliko wateja wake. Baada ya msimu mmoja au miwili, wakulima waligundua kwamba nusu ya ziada hiyo ilikuwa na thamani kubwa kuliko bei ya gunia la mbegu, wakaanza wenyewe kuomba wauziwe kwa fedha taslimu. Kwa lugha ya siku hizi tungesema alianzisha mashamba darasa, tofauti ni kwamba gharama ya darasa aliibeba mwalimu.

Ukame wa mwaka 1934 na ule wa 1936 ulimaliza ubishi. Mahindi ya kawaida yalipokauka na kulala chini, chotara, ingawa nayo yaliumia, yalisimama. Mwaka 1933 mbegu chotara zilikuwa hazijafika hata asilimia moja ya eneo la mahindi nchini Marekani. Miaka kumi baadaye, karibu mashamba yote ya mahindi ya Iowa yalipandwa mbegu hizo. Kampuni ya Garst na Thomas ilikuwa miongoni mwa zile zilizotajirika kwa mabadiliko hayo, ikiuza katika eneo kubwa la magharibi mwa Iowa na majimbo jirani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alianza kuhubiri mambo mapya mawili. La kwanza lilikuwa mbolea ya naitrojeni, ambayo viwanda vilivyojengwa kwa ajili ya mabomu viliweza sasa kuizalisha kwa wingi. La pili lilikuwa kulisha ng'ombe magunzi yaliyosagwa, yakichanganywa na urea na molasi, badala ya kuyatupa. Majirani walicheka hadi walipoona ng'ombe wananenepa. Garst alikuwa na tabia ya kumshika mtu kwenye mkutano, au hata barabarani, na kumhutubia habari za naitrojeni kwa saa nzima. Aliandika barua nyingi mno: kwa wahariri, maseneta, maprofesa na mawaziri. Wapo waliozijibu ili tu wasiletewe nyingine.

Kama angeishia hapo, angekumbukwa Iowa peke yake. Mwaka 1955 ndio uliomtoa nje.

Mapema mwaka huo Khrushchev alihutubia wenzake mjini Moscow akisema kwamba nchi yake inapaswa kuiga kilimo cha mahindi cha Wamarekani ili ipate nyama na maziwa zaidi. Mhariri wa gazeti la Des Moines Register, Lauren Soth, aliandika tahariri iliyochapishwa Februari 10, akiwaalika Warusi waje Iowa kujionea. Tahariri hiyo ilimpatia Soth tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Jambo ambalo halikutarajiwa ni kwamba Warusi waliukubali mwaliko. Julai 1955 ujumbe wa maofisa wa kilimo ukiongozwa na Vladimir Matskevich uliwasili Iowa.

Shamba la Garst halikuwamo katika ratiba rasmi. Lakini Garst alimfuata Matskevich na kumng'ang'ania mpaka kiongozi huyo akaacha ratiba yake na kwenda kutumia siku moja Coon Rapids. Alionyeshwa mbegu, mashine, ng'ombe na magunzi. Kabla hajaondoka, mwaliko wa Garst kwenda Moscow ulikuwa umekwisha kuzungumzwa.

Tukumbuke hali ya Marekani wakati ule. Kampeni ya Seneta Joseph McCarthy ya kuwasaka waliodaiwa kuwa Wakomunisti ilikuwa ndiyo kwanza imepoa. Watu walikuwa wamefukuzwa kazi na majina yao kuchafuliwa kwa kushukiwa tu. Garst alikuwa mfanyabiashara ambaye wateja wake wote walikuwa wakulima wa vijijini, wacha Mungu na wazalendo. Iwapo wangeamua kwamba amejiuza kwa Warusi, hakuna sheria ingeweza kuwalazimisha kununua gunia hata moja. Kilichowekwa mezani ni kampuni, jina la ukoo ulioishi pale tangu enzi za babu, na urithi wa wanawe wawili waliokuwa wakiandaliwa kushika kazi. Barua za lawama zilimfikia. Hata hivyo, alikwenda kwanza Washington kuhakikisha serikali haitamzuia kuuza, kisha akasafiri.

Oktoba 1955 alikutana na Khrushchev karibu na Yalta, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi. Wawili hao walipatana haraka. Wote walikuwa wanene, wenye kelele, wasiopenda itifaki, na wote waliamini kwamba mkulima anayefanya kazi vibaya anastahili kukemewa hadharani. Garst alirudi na biashara kubwa: Wasovieti walinunua tani 5,000 za mbegu chotara, na nchi za Rumania na Hungaria nazo zikawa wateja.

Maasi ya Hungaria ya mwaka 1956 na jinsi yalivyozimwa kwa vifaru yalipoza uhusiano huo kwa muda. Ulipofufuka, Garst aliendelea kwenda na kuandika barua. Sasa hakuandika habari za mahindi pekee. Alimweleza Khrushchev, na aliwaeleza viongozi wa nchi yake vilevile, kwamba fedha zinazomwagwa katika silaha zingetosha kulisha watu, na kwamba mataifa yenye njaa ni hatari kwa kila mtu. Wapo waliomwona mshamba asiyejua siasa za dunia. Mwandishi wa makala haya anadhani alizijua vya kutosha, ila alikuwa na biashara ndani yake na hakuona aibu kuichanganya na amani.

Mapema mwaka 1959 Garst na Elizabeth walimtembelea Khrushchev huko Sochi. Elizabeth alizungumza na mwenyeji wao kama anavyozungumza mama yeyote wa nyumbani na mgeni wa heshima: kwamba akija Marekani, afike na kwao na mkewe. Miezi michache baadaye Rais Dwight Eisenhower alimwalika Khrushchev rasmi, na kiongozi huyo alipopanga safari yake ya Septemba alitaka Coon Rapids iwemo.

Basi siku ile ilipowadia, nyumba ya Garst ilijaa. Alikuwapo Khrushchev na mkewe Nina, alikuwapo Adlai Stevenson aliyekuwa amegombea urais wa Marekani mara mbili na kushindwa, na walikuwapo waandishi wa habari na wapiga picha kwa mamia. Hao wa mwisho ndio waliomkera mwenyeji. Kila Garst alipojaribu kumwonyesha mgeni wake jambo, kamera zilikuwa katikati yao. Alipofika kwenye shimo la silaji, uvumilivu ulimwisha: alichota malisho hayo ya ng'ombe kwa mikono na kuwarushia waandishi. Mmoja wao, Harrison Salisbury wa gazeti la New York Times, alipigwa teke la mguuni. Khrushchev aliangua kicheko. Sisi wa kazi hii hatuwezi kukisoma kisa hicho bila kuwahurumia wenzetu, ingawa picha walizozipata zilizunguka dunia nzima.

Elizabeth ndiye aliyebeba mzigo mkubwa wa siku ile. Alipokea ugeni wa ngazi ya dola katika nyumba ya kawaida ya shambani, akaandaa chakula cha mchana chini ya hema, na akamkalisha Nina Khrushcheva kama shoga aliyekuja kutembea. Kwa Wamarekani waliotazama televisheni, kuona mke wa kiongozi wa Kremlin akiwa na sura ya bibi wa kijiji chochote kulikuwa na nguvu ambayo hotuba za Umoja wa Mataifa hazikuwa nayo.

Lakini habari hii ina upande mwingine, nao hausimuliwi mara nyingi Coon Rapids. Kampeni ya mahindi ya Khrushchev ilishindwa. Eneo lililolimwa mahindi katika Umoja wa Kisovieti lilipanda kutoka hekta milioni 4 hivi mwaka 1954 hadi milioni 37 mwaka 1962. Maofisa wa chama waliotaka kusifiwa waliamuru yapandwe hata kaskazini, ambako majira ya joto ni mafupi mno kwa zao hilo. Mbolea haikutosha, mashine hazikutosha, na wakulima wa mashamba ya pamoja hawakuwa na sababu ya kujituma. Mwaka 1963 mavuno yalikuwa mabaya, na dola kubwa ya kikomunisti ililazimika kununua nafaka ng'ambo. Oktoba 1964 Khrushchev aliondolewa madarakani, na mahindi yalikuwa miongoni mwa makosa aliyohesabiwa.

Je, muuza mbegu alihusika na lawama? Khrushchev mwenyewe, katika kumbukumbu alizoziacha, alisimulia jinsi Garst alivyowakuta wakulima wakipanda mahindi bila mbolea na kuanza kuwakaripia palepale shambani, kana kwamba shamba lilikuwa lake. Alikuwa anajua kwamba mbegu chotara bila naitrojeni, bila mashine na bila mtu anayejali shina moja moja, ni gunia ghali la nafaka. Kule Iowa alikuwa akiuza vitu hivyo vyote kwa pamoja, na mkulima alikuwa na hiari ya kukataa. Kule Urusi alimuuzia mtu mmoja, naye akawaamuru mamilioni. Ule mpango wake wa nusu kwa nusu, uliomlazimu muuzaji kusubiri mavuno kabla ya kulipwa, haukuvuka bahari.

Hata nyumbani, si kila alichohubiri kimeonekana chema kwa macho ya leo. Alipigia debe kulima mahindi mwaka hadi mwaka kwenye ardhi ileile kwa nguvu ya naitrojeni. Mbolea hiyo imekuwa ikiingia katika mito ya Iowa kwa miongo mingi, kiasi kwamba mamlaka ya maji ya Des Moines ililazimika kujenga mtambo maalumu wa kuondoa naitreti katika maji ya kunywa. Garst hakuwa peke yake katika hilo, lakini sauti yake ilikuwa miongoni mwa zilizosikika mbali.

Katika miaka ya 1960 aligeukia nchi maskini. Kaka yake, Jonathan, alichapisha kitabu mwaka 1963 akitetea hoja kwamba njaa duniani inaweza kumalizwa kwa mbolea na mbegu, na Roswell alikwenda El Salvador kuwahamasisha wakulima wadogo kwa njia aliyoijua: mpe mkulima kipande kidogo cha kujaribia, kisha acha jirani zake waone. Kazi za kila siku Iowa alikuwa amewaachia wanawe, mmoja akielekea zaidi kwenye mbegu na mwingine kwenye shamba na ng'ombe.

Khrushchev alifariki dunia Septemba 1971 akiwa mstaafu asiyetajwa magazetini mwa nchi yake. Garst alimfuata Novemba 5, mwaka 1977, akiwa na umri wa miaka 79. Familia iliiuza kampuni ya mbegu mwaka 1985 kwa kampuni ya ICI ya Uingereza, na sehemu kubwa ya ardhi ya ukoo, kando ya mto Middle Raccoon, baadaye ilitolewa kwa shirika la hifadhi.

Mwaka 2009 nyumba ya Roswell na Elizabeth iliingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Mwaka huohuo wakazi wa Coon Rapids waliadhimisha miaka 50 ya ule ugeni. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo Sergei Khrushchev, ambaye mwaka 1959 alikuja Marekani akiwa kijana katika msafara wa baba yake. Safari hii hakuja kutoka Moscow. Alikuwa amekwisha kuwa raia wa Marekani kwa miaka kumi.